Betri ya Gari la Haibridi Ikifeli: Namna ya Kuthibitisha Ubovu na Kudai Waranti

Taa ya tahadhari ya mfumo wa haibridi inapowaka kwenye dashibodi, wenye magari wengi hukimbilia kwa fundi wa karibu, ambaye huchomeka mashine yake, husoma kilichomo, hufuta kumbukumbu na kumrudishia mteja funguo. Gari hukaa sawa siku mbili tatu, kisha taa inarudi. Mwenye gari anapofika kwa wakala wa mtengenezaji kudai waranti, kompyuta ya gari haina tena kumbukumbu ya jinsi hitilafu ilivyoanza, na dai ambalo lingekubaliwa bila taabu linageuka mabishano. Mwongozo huu umepangwa kwa utaratibu unaoilinda haki ya mwenye gari: kwanza ushahidi, kisha karatasi, kisha dai lenyewe, na mwisho kabisa matengenezo ya kulipia mfukoni. Betri hii ni miongoni mwa vipuri ghali kuliko vyote ndani ya gari, na inaumiza kuona mtu akiilipia wakati mkataba aliokuwa nao ungeilipia.

Betri mbili ndani ya gari moja

Gari la haibridi, yaani linaloendeshwa kwa injini ya mafuta pamoja na mota ya umeme, lina betri mbili zisizofanana hata kidogo. Ya kwanza ni betri ndogo ya volti 12 kama ya gari lolote lingine, ambayo kazi yake ni kuamsha kompyuta, taa na rilei, yaani swichi za umeme zinazoliunganisha gari na betri kubwa. Ya pili ni betri kubwa ya haibridi, inayoisukuma mota ya umeme na kupokea umeme unaozalishwa gari linapopunguza mwendo au kufunga breki. Waranti ndefu ambayo watengenezaji huitangaza inaihusu hii ya pili. Ile ndogo huwa na masharti yake mafupi zaidi, na mara nyingi huhesabiwa kuwa kipuri cha kuchakaa.

Ili kuelewa jinsi betri kubwa inavyokufa, tuitazame ile ya Toyota Prius ya mwaka 2004 hadi 2009, ambayo mafundi wengi wa haibridi wameizoea. Ndani ya sanduku lake la chuma, nyuma ya kiti cha nyuma, mna moduli 28 za nikeli-metali haidraidi zilizopangwa bega kwa bega. Kila moduli ina seli 6 na kila seli ina volti 1.2, kwa hiyo moduli moja ina volti 7.2 na betri nzima volti 201.6. Kompyuta ya betri haipimi seli moja moja, bali huzipima moduli mbili mbili, yaani makundi 14. Kwa kuwa moduli zote zimeunganishwa mfululizo, umeme uleule hupita katika kila seli, na betri nzima inakuwa kama msafara unaolazimika kufuata mwendo wa anayechechemea. Seli moja kati ya 168 ikifa, kundi lake linapungukiwa na zaidi kidogo ya volti moja, kompyuta inaona tofauti hiyo, na baada ya kuiona mara kadhaa inawasha taa.

Kinachoziua seli hizo mara nyingi ni joto. Betri ya aina hii hupozwa kwa hewa ya ndani ya gari, inayovutwa na feni kupitia tundu lililo pembeni mwa kiti cha nyuma. Vumbi, nyuzi za mazulia na manyoya ya wanyama yakiziba tundu hilo au mabapa ya feni, hewa inapungua, na moduli za katikati, ambazo zimebanwa na wenzake pande zote mbili, hupata joto kuliko za pembeni na kuchoka mapema. Sababu nyingine ni umri, unyevu unaoleta ukoga wa kijani kwenye vipande vya shaba vinavyounganisha moduli, na gari kuachwa limeegeshwa miezi mingi bila kuwashwa hadi seli zinashuka chaji kwa viwango tofauti. Betri za lithiamu-ioni, zilizomo katika magari mengi ya haibridi ya miaka ya karibuni, hufuatiliwa kwa umakini zaidi na vifaa vyake vya kielektroniki, kwa hiyo wakati mwingine kinachokufa ni bodi ya udhibiti na si seli zenyewe. Tofauti hiyo ina uzito wakati wa kudai, kama tutakavyoona.

Hatua ya kwanza: tambua dalili na uache kulilazimisha gari

Betri inayochoka haianzi kwa taa. Huanza kwa kipimo cha chaji kwenye skrini kupanda na kushuka kwa kasi isiyo ya kawaida: unateremka mlima mfupi na betri inaonekana imejaa, unapanda kidogo na imekaribia kwisha. Injini huwaka mara kwa mara hata gari likiwa limesimama kwenye foleni, mafuta huanza kuliwa zaidi, na feni ya nyuma husikika ikivuma kwa nguvu hata katika safari fupi. Baadaye ndipo hutokea pembetatu nyekundu au maneno ya kutaka mfumo wa haibridi ukaguliwe, na gari hupunguza nguvu ili kujilinda.

Andika tarehe uliyoziona dalili hizi kwa mara ya kwanza na kilomita zilizosomeka siku hiyo. Piga picha dashibodi taa ikiwa inawaka, picha ioneshe taa na kilomita kwa pamoja. Jambo hili linaonekana dogo, lakini waranti ina mwisho wa tarehe na mwisho wa kilomita, na picha ya namna hiyo inaweza kuwa ndiyo inayoonesha kwamba hitilafu ilianza kabla ya mpaka kuvukwa.

Gari likiwa limepunguza nguvu, lipeleke polepole mahali salama au livutwe. Kuendelea kuliendesha kwa wiki kadhaa huku taa ikiwaka huzipandisha joto moduli zilizobaki ambazo bado ni nzima, na pia humpa mtoa waranti hoja ya kusema kwamba ubovu umeongezwa na uzembe wa mwenye gari.

Onyo moja lazima likae hapa mapema. Umeme wa betri hii ni wa mkondo mnyoofu wenye volti zaidi ya 200 katika magari mengi, na unaua. Nyaya zake zimefunikwa kwa rangi ya chungwa ili kila mtu azitambue. Hata mafundi waliofunzwa huvaa glavu za mpira zilizopimwa hadi volti 1,000, huchomoa plagi ya usalama ya betri, huiweka mfukoni ili mwingine asiirudishe, kisha husubiri dakika 10 hivi mpaka umeme uliohifadhiwa ndani ya inveta, kifaa kinachobadili umeme wa betri uifae mota, uishe. Hakuna hatua yoyote katika mwongozo huu inayokutaka ulifungue sanduku la betri, na ukilifungua mwenyewe gari likiwa bado ndani ya waranti, umeihatarisha roho yako na dai lako kwa wakati mmoja.

Hatua ya pili: ondoa vitu vidogo vinavyofanana na ubovu wa betri kubwa

Betri dhaifu ya volti 12 huleta vituko vingi: taa kadhaa kuwaka kwa pamoja, gari kukataa kuingia gia, au kukataa kabisa kuwa tayari kuondoka. Katika Prius injini haina stata ya kawaida, kwa kuwa huwashwa na mota inayotumia umeme wa betri kubwa. Hivyo mtu anaposikia ukimya baada ya kubonyeza kitufe hudhani betri kubwa imekufa, kumbe rilei tu ndizo zilizokosa umeme wa kuziunganisha. Pima betri ndogo gari likiwa limezimwa na kutulia kwa saa chache. Inayosoma volti 12.6 au karibu na hapo imejaa, na inayosoma chini ya 12 inahitaji kuchajiwa au kubadilishwa kabla hujafikia hukumu nyingine yoyote.

Baada ya hapo tazama tundu la feni pembeni mwa kiti cha nyuma. Kama kuna chujio, lisafishwe au libadilishwe, na ondoa mizigo au nguo zilizoliziba. Usijidanganye kwamba kusafisha kutafufua seli iliyokufa. Sababu ya kufanya hivyo ni kwamba feni iliyoziba ni kitu cha kwanza ambacho mkaguzi wa waranti hukitazama, na baadhi ya vitabu vya mwenye gari vimeuweka usafi wa chujio hilo katika orodha ya matunzo yanayompasa mteja. Ukilisafisha, tunza kumbukumbu ya tarehe.

Hatua ya tatu: soma na uhifadhi misimbo kabla ya yeyote kuifuta

Hii ndiyo hatua inayoamua mambo mengi. Kila gari la kisasa lina soketi ya kuchomeka kifaa cha uchunguzi, iitwayo OBD, chini ya dashibodi, na kwa kifaa kidogo cha bluetooth pamoja na programu ya simu inayoelewa haibridi unaweza kusoma mwenyewe misimbo ya hitilafu, yaani herufi na namba ambazo kompyuta ya gari huziandika kutaja tatizo. Ukienda kwa fundi, mwambie kabla hajachomeka mashine: asome, achapishe au apige picha, na asifute chochote. Fundi mwelewa hatachukia ombi hilo.

Msimbo utakaouona zaidi ni P0A80, unaosema kwamba betri ya haibridi inapaswa kubadilishwa. P0A7F unasema betri imechakaa. Katika magari ya Toyota, P3000 huonesha kwamba kompyuta kuu imeletewa taarifa ya tatizo kutoka upande wa betri, na peke yake hautoshi, kwa kuwa ni lazima usomwe pamoja na misimbo midogo inayoandamana nao. Katika Prius tuliyoitaja, misimbo P3011 hadi P3024 hutaja kundi lililodhoofika: P3011 ni kundi la 1, P3017 ni kundi la 7, na kuendelea hivyo hadi la 14.

Misimbo mingine huwasha taa ileile ilhali betri ni nzima. P0A93 unahusu upozaji wa inveta, ambao mara nyingi chanzo chake ni pampu ya maji. P0AA6 unasema umeme mkubwa unavuja kuelekea mwili wa chuma wa gari, na uvujaji huo unaweza kutoka kwenye moduli iliyotoa majimaji, lakini pia unaweza kutoka kwenye kompresa ya kiyoyozi, mota au nyaya. Mtu akikuambia ununue betri kwa sababu ya P0AA6 pekee bila kuonesha ametenga sehemu moja baada ya nyingine, mkatalie kwa heshima na utafute uchunguzi wa pili.

Pamoja na misimbo, kompyuta huhifadhi picha ya hali ilivyokuwa hitilafu ilipotokea: mwendo, joto la betri, kiwango cha chaji, na katika magari mengi hata volti za makundi. Kumbukumbu hiyo hupotea pale misimbo inapofutwa, na ndiyo sababu ninalirudia jambo hili bila kuchoka.

Kama programu yako inaonesha volti za kila kundi, mwombe mtu mwingine aendeshe huku wewe ukitazama. Gari likiwa limetulia makundi yote yanaweza kulingana vizuri, na hapo wengi huridhika mapema. Mwambie dereva akanyage mafuta kwa nguvu kwa sekunde chache. Tuseme makundi 13 yanashuka hadi volti 14.9 na moja linashuka hadi 13.6, tofauti ya volti 1.3 ni karibu sawasawa na seli moja iliyokufa. Kisha mwache apunguze mwendo kwa breki ili betri ichajiwe. Kundi ambalo seli yake imekufa hubaki nyuma vilevile, ilhali kundi ambalo halijafa bali limeongezeka ukinzani wa ndani hushuka kuliko mengine wakati wa kuvuta na kupanda kuliko mengine wakati wa kuchajiwa. Hifadhi picha za skrini za hali zote mbili, zikiwa na tarehe.

Hatua ya nne: isome waranti kama mkataba

Neno la muuzaji kwamba betri ina waranti ya miaka kadhaa halitoshi. Tafuta kitabu cha waranti cha gari lako, cha mwaka wake na cha nchi ambako liliuzwa likiwa jipya, na utafute humo majibu ya mambo yafuatayo.

Jambo la kwanza ni muda na umbali. Karibu kila waranti ya betri ya haibridi imeandikwa kwa miaka na kilomita, chochote kitakachotangulia. Toyota nchini Marekani, kwa mfano, ilitoa miaka 8 au maili 100,000, yaani takribani kilomita 160,000, kwa magari ya haibridi hadi toleo la mwaka 2019. Kuanzia toleo la mwaka 2020 iliongeza hadi miaka 10 au maili 150,000, takribani kilomita 240,000. Magari mawili yanayofanana sura, yaliyopishana mwaka mmoja wa toleo, yanaweza basi kuwa na haki zilizoachana mbali, na mwenye gari la mwaka 2020 anayepewa jibu la mwaka 2019 amenyimwa miaka miwili.

Jambo la pili ni siku ya kuanza kuhesabu. Hesabu haianzi siku uliyolinunua gari kwa mtu, wala siku lilipotoka kiwandani, bali siku lilipokabidhiwa kwa mnunuzi wa kwanza au kuanza kutumika. Gari lililokabidhiwa Machi 2017 likiwa na waranti ya miaka 8 lilifikia mwisho Machi 2025, hata kama limetembea kilomita 90,000 tu. Na kama lilivuka kilomita zilizoandikwa mwaka 2022, liliishia mwaka huo. Wakala anaweza kuitoa tarehe hiyo kwa kutumia namba ya chesisi.

Jambo la tatu ni mipaka ya nchi. Waranti nyingi hufungwa na soko ambalo gari liliuzwa. Gari lililotumika nchi moja kisha likapelekwa kuuzwa nchi nyingine mara nyingi huiacha waranti yake nyuma, na karatasi pekee yenye nguvu inakuwa ile aliyoitoa muuzaji wa gari hilo lililotumika. Anayenunua gari la namna hii aulize kabla ya kulipa, kwa sababu baada ya kulipa swali hilo halina msaada.

Jambo la nne ni kinachofunikwa. Je, ni seli peke yake, au pia kompyuta ya betri, feni, rilei na nyaya? Hapa ndipo tofauti kati ya bodi ya udhibiti iliyokufa na seli zilizokufa inapokuwa na uzito, kwa kuwa sehemu hizo zinaweza kuwekwa katika vifungu viwili vyenye muda usiolingana. Angalia pia kama kazi ya fundi na gharama za kulivuta gari zimo.

Jambo la tano ni kupungua kwa uwezo. Kwa haibridi isiyochomekwa kwenye umeme, dai kwa kawaida husimama juu ya hitilafu iliyothibitishwa na misimbo na vipimo, na malalamiko kwamba mafuta yanaliwa zaidi hayatoshi. Kwa magari yanayochomekwa, watengenezaji wengi huandika asilimia, na 70 ndiyo inayoonekana mara nyingi. Kanuni ya kimataifa ya Umoja wa Mataifa juu ya uimara wa betri za magari, namba 22, iliyopitishwa mwaka 2022, inataka betri za magari ya umeme na ya haibridi ya kuchomeka zibaki na angalau asilimia 80 ya nishati hadi miaka 5 au kilomita 100,000, na asilimia 70 hadi miaka 8 au kilomita 160,000. Haibridi za kawaida hazimo katika kiwango hicho, kwa hiyo usikitumie kwa gari ambalo hakilihusu.

Vifungu vya kuondoa haki husomeka kwa haraka: ajali, mafuriko, kilomita zilizorudishwa nyuma, sanduku la betri lililofunguliwa na asiyeidhinishwa, na mabadiliko ya mfumo wa umeme. Linalowatia watu hofu bila sababu ni sevisi. Nchini Marekani, sheria ya mwaka 1975 iitwayo Magnuson-Moss inamzuia mtengenezaji kuiondoa waranti kwa sababu tu gari lilifanyiwa sevisi nje ya wakala au kwa vipuri visivyo vyake, na katika Umoja wa Ulaya kanuni za ushindani zinaelekea huko huko. Wakala anayekataa dai anapaswa kuonesha jinsi sevisi hiyo ilivyosababisha ubovu wa betri. Kubadilishiwa oili na fundi wa mtaani hakuui moduli za nikeli.

Hatua ya tano: kusanya karatasi

Weka katika bahasha moja kadi ya usajili, kitabu cha waranti, kitabu cha sevisi pamoja na risiti zote, mkataba wa ununuzi, picha za dashibodi, na chapisho la misimbo. Kama gari lilipita mikononi mwa wengine kabla yako, mwombe aliyekuuzia nakala za risiti zake, kwa sababu kwa kawaida waranti ya betri huhama na gari ndani ya soko lilelile, na pengo la miaka mitatu lisilo na karatasi humpa mkaguzi nafasi ya kuuliza maswali.

Hatua ya sita: fungua dai kwa maandishi

Mpelekee wakala gari likiwa na misimbo yake, na umkabidhi barua au ujumbe wa barua pepe siku hiyohiyo. Barua fupi inatosha: «Gari langu lenye namba ya chesisi ifuatayo liliwasha taa ya mfumo wa haibridi tarehe fulani, likiwa na kilomita kadhaa. Misimbo iliyosomwa ni P0A80 na P3017. Naomba betri ya haibridi ichunguzwe kwa mujibu wa waranti, na nipatiwe matokeo ya vipimo pamoja na uamuzi kwa maandishi.» Taja tarehe, kilomita na misimbo kama ilivyo, bila kulaumu na bila kukisia chanzo.

Kabla ya kusaini fomu ya kuacha gari, uliza nani analipia uchunguzi. Utaratibu uliozoeleka ni kwamba ukipatikana ubovu unaofunikwa, uchunguzi huingia katika waranti, na usipopatikana, mteja hulipa. Hilo liandikwe kwenye fomu. Waambie pia wasifute misimbo mpaka matokeo yachapishwe, na uombe nakala ya volti za makundi walizozisoma wao.

Taa ikizimika kabla ya miadi, nenda hivyo hivyo. Misimbo mingine hubaki katika kumbukumbu hata baada ya taa kuzima, na ziara iliyoandikwa kwenye daftari la wakala kabla ya waranti kuisha ni hoja nzito iwapo hitilafu itarudi baada ya tarehe kupita.

Hatua ya saba: dai likikataliwa

Jibu la mdomo lisikutoshe. Omba sababu iliyoandikwa, ikitaja kifungu cha waranti kilichotumika na kipimo kilichofanyika. Mara nyingi ombi hili peke yake hulirudisha faili mezani, kwa kuwa aliyekataa kwa kukisia hataki kusaini makisio yake. Ukiwa na sababu mkononi, ilinganishe na vipimo vyako. Kama wanasema betri ni nzima ilhali picha zako zinaonesha kundi la 7 likibaki nyuma kwa volti 1.3 chini ya mzigo, omba jaribio la barabarani nawe ukiwemo ndani ya gari.

Likishindikana, pandisha malalamiko kwa ofisi ya wateja ya mtengenezaji yenyewe, ukiambatisha kila kitu. Ofisi hiyo ina mamlaka ambayo wakala hana, yakiwemo mamlaka ya kutoa msaada wa hiari, yaani kulipia gharama yote au sehemu yake kwa gari lililovuka mpaka kidogo na lenye kumbukumbu nzuri za sevisi. Msaada huo si haki, kwa hiyo huombwa kwa lugha ya staha. Baada ya hapo zipo mamlaka za kulinda walaji na mahakama za madai madogo. Usisahau njia ya muuzaji: katika Umoja wa Ulaya, sheria ya mwaka 2019 inamwajibisha mfanyabiashara aliyekuuzia kwa kasoro zilizojitokeza ndani ya miaka miwili tangu kukabidhiwa bidhaa, muda unaoweza kufupishwa kwa vitu vilivyotumika, lakini si chini ya mwaka mmoja. Kasoro iliyoonekana ndani ya mwaka wa kwanza huhesabiwa kuwa ilikuwepo tangu mwanzo, mpaka muuzaji athibitishe vinginevyo.

Hatua ya nane: waranti ikiwa imekwisha kweli

Una njia tatu, na hazina usawa. Betri mpya ya mtengenezaji au ya kiwanda kingine chenye seli mpya ndiyo ghali na ndiyo inayodumu. Betri iliyotengenezwa upya ni ile ambayo moduli zake zilizotumika zimepimwa, zikachaguliwa zinazolingana uwezo na kupangwa tena; ubora wake unategemea uaminifu wa aliyepima. Njia ya tatu ni kubadilisha moduli iliyokufa peke yake. Siipendekezi isipokuwa kwa gari linalohitajika kwa muda mfupi, kwa sababu moduli ngeni yenye uwezo tofauti huwekwa katikati ya 27 zenye umri uleule na uchovu uleule, na inayofuata huwa haiko mbali.

Kwa betri yoyote utakayonunua, waranti yake ni sehemu ya bei. Uliza ni ya muda gani, kama ina ukomo wa kilomita, kama inalipia kazi ya fundi au betri tu, nani atagharimia usafirishaji wa betri mbovu kurudi, na kama kampuni iliyoitoa ina karakana unayoweza kuifikia. Waranti ndefu isiyolipia kazi wala usafirishaji inaweza kukugharimu kuliko fupi inayolipia vyote. Betri ya zamani nayo ina thamani kutokana na nikeli na metali nyingine zilizomo, na wauzaji wengi hupunguza bei unapoirudisha, hivyo isiachwe karakana bila kuandikwa kwenye ankara.

Unapokabidhiwa gari, iwe ni kwa waranti au kwa fedha zako

Sisitiza namba ya betri iliyowekwa iandikwe kwenye ankara, pamoja na tarehe na kilomita. Kama ni betri ya waranti, uliza kama inafunikwa kwa muda uliobaki wa waranti ya awali au ina muda wake mpya. Mikataba mingi hutoa ule uliobaki tu, na mteja anayedhani ameanza upya hushtuka miaka miwili baadaye. Hakikisha vipande vya shaba vimesafishwa au kubadilishwa, feni imeondolewa vumbi, na tundu la hewa liko wazi, kwa sababu betri mpya iliyofungwa kwenye feni iliyoziba itapita njia ileile. Kisha rudia jaribio la barabarani kwa programu yako, kukanyaga na kupunguza mwendo, na uhifadhi volti za makundi zikiwa zinalingana. Picha hizo ziingie katika bahasha ileile ya karatasi za gari.